Lori liko Mpondwe, ramani yasema bado liko Katunguru

KASESE, Uganda

Ijumaa ni siku ya soko Mpondwe, kama ilivyo Jumanne. Siku hizo watu huanza kujipanga mapema kuvuka Mto Lubiriha, wengine wakienda Kasindi, wengine wakitoka huko. Mzigo unaochelewa hadi mchana hukuta wanunuzi wameanza kurudi makwao.

Chukua mfano wa tajiri wa vitenge aliyeko Butembo anayesubiri lori lake kutoka Kampala. Ghala limefunguliwa, wachukuzi wamekwisha kutafutwa, na mteja wa Beni ametanguliza nusu ya fedha. Tajiri anafungua simu janja kuangalia ramani ya kampuni inayofuatilia magari. Nukta nyekundu inayoonyesha lori lake imeganda darajani Katunguru. Baada ya dakika kumi haijasogea. Baada ya nusu saa iko palepale.

Anapiga simu kwa hasira. “Dereva, umelala Katunguru unafanya nini? Unauza mafuta yangu?”

“Mzee, mimi niko Mpondwe kwenye foleni,” dereva anajibu. “Naiona bendera ya Kongo kwa macho yangu.”

Kila mmoja anasema kile anachokiona. Mwenye kosa ni ramani. Lakini kabla hilo halijajulikana wachukuzi wameambiwa warudi nyumbani, mteja wa Beni ameanza kudai fedha zake, na dereva wa miaka mingi ameitwa mwizi.

Nukta huganda kwa sababu nyingi. Ipo moja ambayo wafanyabiashara hawaisikii kamwe, kwa kuwa hutokea ofisini, mbali na barabara: kompyuta kuu inayohifadhi ramani, yaani seva, imebadilishiwa mfumo endeshi. Mafundi wamemaliza kazi usiku, asubuhi kila kitu kinawaka, lakini ramani inatambaa. Habari njema ni kwamba chanzo cha ugonjwa huu hupatikana, mradi kitafutwe kwa kupima badala ya kubahatisha.

Ramani imekuwa chombo cha biashara

Tangu mwaka 2017 Uganda, Kenya na Rwanda zimekuwa na mfumo wa pamoja wa kufuatilia kwa elektroniki mizigo inayopita kwenda nchi nyingine. Lori la namna hiyo hufungwa lakiri ya kielektroniki, ambayo wengi huiita sili. Ndani yake mna kifaa kinachopokea ishara za setilaiti pamoja na laini ya simu. Maofisa hutazama kwenye skrini lori linavyokwenda, na lakiri ikifunguliwa njiani au lori likiacha njia yake, mfumo hutoa tahadhari.

Mbali na mfumo huo wa serikali, wenye malori huweka vifaa vyao wenyewe na kulipia huduma ya ramani kwa kampuni binafsi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipokuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, mpaka wa Mpondwe na Kasindi uliacha kuwa ukingo wa Jumuiya ukawa ndani yake. Mwenye mzigo anaweza kuwa Butembo, wakala wake wa forodha Bwera, lori likiwa bado njiani. Kinachowaunganisha ni simu na ramani.

Na njia hii haitabiriki. Mto Nyamwamba uliifurika Kasese Mei 2013, na ukafurika tena Mei 2020. Siku kama hizo mwenye gari anahitaji kujua lori lilipo sasa hivi. Mahali lilipokuwa saa moja iliyopita hapamsaidii.

Kwa nini seva hubadilishwa

Mfumo endeshi ni programu mama inayoiwezesha kompyuta kufanya kazi, kama vile Windows au Linux. Kila toleo lina umri wake. Windows Server 2012 iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama Oktoba 2023. CentOS 7, aina ya Linux isiyouzwa iliyotumika kwenye seva nyingi duniani, ilifikia mwisho tarehe 30 Juni 2024.

Anayebaki na toleo lililokwisha muda ni kama mwenye duka ambaye kufuli lake limelegea na fundi wa makufuli amehama mji. Wezi wa mtandaoni wakigundua tundu, hakuna wa kuliziba. Kwa hiyo kampuni inayohamia toleo jipya inatimiza wajibu wake. Lawama huja pale inapohama bila kupima kama mambo yanakwenda kama zamani.

Kila nukta ina saa tatu

Nukta hupita mikono kadhaa kabla ya kufika kwenye simu ya tajiri. Kifaa garini hupata mahali kilipo kutoka kwa setilaiti. Laini ya simu hupeleka taarifa hiyo kwenye seva. Seva huiandika katika hifadhidata, kisha programu ya ramani huichukua na kuichora.

Katika safari hiyo kuna saa tatu za kuandika: saa ambayo kifaa kilipima mahali, saa ambayo seva ilipokea, na saa ambayo nukta ilionekana kwenye ramani. Ukizipanga hizo tatu, tatizo hujitokeza lenyewe.

Tuseme kifaa kilipima saa 11:40 alfajiri, seva ikapokea saa 12:18, na ramani ikaonyesha saa 12:19. Hapo seva haina kosa. Taarifa ilichelewa njiani, pengine kwa sababu gari lilipita ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth mahali ambapo mawimbi ya simu ni hafifu, kifaa kikaweka akiba ya nukta na kuzituma baadaye. Karibu na mpaka laini inaweza pia kunasa mtandao wa nchi ya pili na kukwama kama haikuruhusiwa kuutumia.

Lakini kifaa kikipima saa 11:40, seva ikapokea saa 11:41, na ramani ikaonyesha saa 12:20, ugonjwa uko ndani ya seva. Dereva hana lake hapo, wala kampuni ya simu.

Saa ya Bwera na saa ya Kasindi

Kitu cha kwanza cha kutazama ndani ya seva ni rahisi mno, na kwa urahisi wake husahaulika: saa yenyewe.

Kila mfanyabiashara wa Mpondwe anajua kwamba ikiwa ni saa 2 asubuhi Bwera, ng’ambo ya mto Kasindi ni saa 1. Seva nyingi hazifuati saa ya Uganda wala ya Kongo. Hufuata saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya Uganda kwa saa 3 na nyuma ya mashariki ya Kongo kwa saa 2. Fundi wa zamani huenda aliiweka seva kwenye saa ya Kampala, na programu ya ramani ikazoea hivyo. Mfumo mpya ukiwekwa, mpangilio huo unaweza kurudi kwenye saa ya kimataifa bila mtu kugundua.

Matokeo yake, nukta ya sasa hivi inasomwa kama ya saa 3 zilizopita. Kama programu imeagizwa kuonyesha nukta za saa moja iliyopita tu, lori linatoweka kabisa. Watu watasema ramani ni nzito, kumbe haina uzito wowote, imekosea saa tu. Marekebisho yake ni ya dakika chache.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo unaeleza vizuri kinachozifika hifadhidata nyingi baada ya kuhama.

Mifumo mingi ya ramani hutunza taarifa zake katika hifadhidata ya PostgreSQL pamoja na nyongeza yake ya PostGIS, inayoshughulikia mambo ya mahali. Ichukulie hifadhidata kuwa ghala lenye mamilioni ya magunia. Faharasa ndiyo daftari la ghala: inaeleza gunia gani liko kona ipi. Bila daftari, kila anayeuliza lori moja humlazimisha mtunza ghala kupekua gunia moja baada ya jingine. Jibu litapatikana, ila jua litakuwa limekwisha kupanda.

Mafundi huanzia hapa. Je, faharasa zote za mahali zilijengwa upya baada ya data kuhamishwa? Kama hazipo, zijengwe.

Kuna daftari la pili lisiloonekana sana. Hifadhidata hutunza takwimu zake yenyewe, kama vile jedwali gani ni kubwa na lipi ni dogo, na kwa takwimu hizo huamua njia ya mkato ya kutafutia jibu. Mara nyingi mfumo endeshi mpya huja na toleo jipya la PostgreSQL. Hadi toleo la 17, chombo chake cha kuhamishia data hakikubeba takwimu hizo. Toleo la 18, lililotoka Septemba 2025, ndilo lililoanza kuzibeba. Aliyehama zamani akasahau kuendesha amri ya ANALYZE aliiacha hifadhidata ikichagua njia gizani. Amri hiyo moja inaweza kurudisha kasi yote.

La tatu ni kumbukumbu ya kazi. PostgreSQL ikisakinishwa upya hujitengea megabaiti 128 tu za kumbukumbu ya pamoja, hata kama kompyuta ina nafasi kubwa mara mia. Fundi aliyeitangulia kazi aliongeza kiasi hicho, na mpangilio wake ukabaki kwenye seva ya zamani. Ni kama kuhamia ghala kubwa na kuendelea kutumia meza ya duka dogo.

La nne linawahusu hasa watu wa ramani. Tangu toleo la 12 la mwaka 2019, PostgreSQL huja ikiwa imewasha kipengele kiitwacho JIT, kinachoandaa hesabu nzito mapema ili ziende kasi. Kwa maswali marefu kinasaidia. Kwa maswali mengi mafupi ya kuchora ramani, maandalizi yanaweza kuchukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe, na ndiyo sababu waendesha seva za ramani mara nyingi hushauriwa kukizima.

La tano si la kasi tu, ni la ukweli. Mwaka 2018 maktaba ya msingi ya Linux iitwayo glibc, katika toleo lake la 2.28, ilibadilisha utaratibu wa kupanga herufi. Faharasa za majina zilizojengwa kwa utaratibu wa kale haziaminiki tena chini ya mfumo mpya. Mtu anaweza kutafuta jina la kituo, jina limo, lakini ramani ikajibu kwamba halipo. Faharasa hizo hujengwa upya kwa amri ya REINDEX, na afadhali zijengwe kabla wateja hawajaanza kulalamika.

Kona nne za Kikorongo

Eneo hili lina mtego wake ambao fundi aliyeko mbali anaweza asiufikirie.

Lori litokalo Mbarara huvuka Mfereji wa Kazinga pale Katunguru, kisha hufika Kikorongo, karibu na mstari wa Ikweta. Hapo barabara hugawanyika: moja huendelea Kasese, nyingine hukata kushoto kwenda Bwera na Mpondwe.

Wapima ardhi wameigawa dunia katika kanda 60, kila moja na upana wa nyuzi 6. Mpaka kati ya kanda ya 35 na ya 36 ni nyuzi 30 Mashariki, na mstari huo unapita jirani na Kikorongo. Kila kanda nayo ina nusu ya kaskazini na nusu ya kusini, zikitenganishwa na Ikweta. Kwa hiyo mji wa Kasese uko kanda ya 36 kaskazini, Bwera 35 kaskazini, Katunguru 36 kusini, na Katwe kwenye chumvi 35 kusini. Lori likitoka Katunguru kwenda Mpondwe hupita kanda tatu katika kipande kimoja kifupi cha safari.

Programu inayotunza vipimo kwa kanda hizo hulazimika kugeuza hesabu kila mara. Kazi hiyo mara nyingi hufanywa na maktaba ya PROJ. Toleo lake la 6, la mwaka 2019, lilibadilisha namna ya kuandaa hesabu hizo ili ziwe sahihi zaidi, lakini maandalizi yenyewe yakawa ya muda mrefu kuliko zamani. Programu ya kale iliyozoea kuandaa hesabu upya kwa kila nukta haikuona shida chini ya mfumo wa zamani. Ikikutana na PROJ mpya, uzembe huo unajidhihirisha, na hapa Kikorongo kuliko mahali pengi.

Tiba ina sehemu mbili. Hesabu iandaliwe mara moja na kutumiwa tena na tena. Na nukta za malori zitunzwe kwa longitudo na latitudo kama zilivyotoka kwenye setilaiti, zikigeuzwa tu pale kipimo cha mita kinapohitajika.

Rundo la chapati

Muuza chapati mwenye rundo tayari humhudumia mteja papo hapo. Rundo likiisha, mteja husubiri hadi unga ukandwe. Seva ya ramani nayo huweka rundo la vipande vya picha vilivyochorwa tayari: barabara, mito, majina ya miji. Seva mpya mara nyingi huanza bila rundo, kwa hiyo wateja wa kwanza husubiri kila kipande kichorwe.

Uzito wa aina hii hupungua siku hadi siku. Usipopungua, fundi atazame mambo mawili: kama seva inaruhusiwa kuhifadhi vipande hivyo kwenye diski, na kama programu ya kuzuia virusi iliyokuja na mfumo mpya haikagui kila kipande kinapotoka na kuingia. Njia ya busara ni kuchora mapema vipande vya barabara kuu, kutoka Kampala hadi Mpondwe, kabla huduma haijafunguliwa.

Kimoja kwa wakati

Kosa linalorefusha mateso ni kubadilisha mambo matano kwa mkupuo. Ramani ikipona hakuna ajuaye dawa ilikuwa ipi, na ikizidi kuugua hakuna ajuaye sumu ilikuwa ipi. Fundi mzuri hupima, hubadilisha kitu kimoja, hupima tena, na huandika.

Kampuni inayojali wateja wake huijaribu seva mpya kwa nakala ya data kabla ya kuhama. Huhama siku ambayo si ya soko. Huiacha seva ya zamani kwa siku kadhaa, ikiwa imefungiwa watu wa nje, ili pakiwa na tatizo kuwe na pa kurudia. Na huwatangazia wateja mapema: usiku wa siku fulani tunahama, mkiona nukta imeganda msiiamini, pigeni simu.

Mwenye mzigo afanye nini

Mfanyabiashara hawezi kuingia kwenye seva, lakini anaweza kusaidia tatizo lijulikane haraka, na anaweza kujilinda.

Kwanza, asikimbilie kununua simu mpya. Afungue ramani hiyohiyo kwenye simu nyingine yenye laini ya kampuni nyingine. Ikiwa nukta imeganda kote, simu yake haina kosa.

Pili, apige picha ya skrini yenye saa, kisha aandike dereva alikuwa wapi wakati huohuo. Malalamiko ya “ramani yenu ni mbovu” hayamwongozi fundi popote. Malalamiko ya “saa 12:10 kwa saa ya Bwera gari lilikuwa Mpondwe, ramani ikaonyesha Katunguru” yanamfikisha nusu ya njia.

Tatu, aiulize kampuni maswali manne: Seva imebadilishwa lini? Tatizo lilianza kabla au baada ya hapo? Nukta ya gari langu ilipimwa saa ngapi na ilipokelewa saa ngapi? Faharasa na takwimu za hifadhidata zilijengwa upya? Kampuni isiyoweza kujibu swali la tatu haijaanza kutafuta ugonjwa.

Nne, dereva atunze kila karatasi yenye saa: risiti ya mafuta, tiketi ya mzani, stakabadhi ya maegesho. Mtu akidai kwamba gari lilisimama mahali lisikotakiwa, karatasi hizo ndizo shahidi. Zinamlinda dereva mbele ya tajiri wake, na zinamlinda tajiri mbele ya forodha.

Tano, makubaliano ya huduma yaseme nukta ikichelewa kwa muda gani mteja ajulishwe, na kwa namba ipi ya simu.

Tukirudi kwa tajiri wa Butembo, hasara yake kubwa haikuwa vitenge, kwa sababu vilifika. Wachukuzi wengine wanaweza kupatikana, na mteja wa Beni anaweza kubembelezwa. Dereva aliyeitwa mwizi mbele ya utingo wake ni jambo jingine. Ijumaa ijayo nukta ikiganda tena, swali la kwanza liwe jepesi: “Dereva, saa yako inasema saa ngapi, na mbele yako unaona nini?”

Akijibu kwamba anaiona bendera ya Kongo, wachukuzi wasiondoke.